Marehemu Abdulally Esoofally, Mwenye Hema la Senema (1884–1957)

Katika tarikhi ya senema ya Bara Hindi, jina la Abdulally Esoofally limo katika kurasa za mwanzo kabisa. Yeye hakuwa fundi wa kupiga picha, wala hakuwa mchezaji wa kuonekana ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuwapatia watu mahali pa kukaa na kuzitazama. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana wa miaka 17, na mali yake ikiwa ni hema la turubai. Akaiendeleza mpaka akawa na majumba ya mawe katika mji wa Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Na katika jumba lake mojawapo ndimo watu wa Bara Hindi walimoisikia kwa mara ya kwanza picha ya nchi yao ikisema na kuimba.

Maisha ya Mwislamu huyu yana mazingatio, kwani aliyoyasimamisha kwa taabu ya miaka mingi hayakudumu kama alivyoyaacha. Jumba moja limevunjwa, la pili limegeuzwa kazi yake, na ile picha iliyolipa sifa jumba lake imepotea isipatikane. Kwa jamaa yoyote yenye majengo ya kutunza na kumbukumbu za kuhifadhi, khabari zake ni somo.

Kuzaliwa Kwake

Abdulally Esoofally alizaliwa mwaka wa 1884 katika mji wa Surat, ulioko Gujarati kando ya mto Tapti. Surat ni mji wenye tarikhi kubwa kwa Waislamu. Katika enzi ya wafalme wa Kimogholi, bandari yake ndiyo iliyokuwa mlango wa mahujaji wa Bara Hindi waliokwenda Makka, na vyombo vyake vilivuka bahari mpaka Jedda na Mokha kwa biashara. Baadaye Waingereza walipoikuza Bombay, ukubwa wa Surat ukapungua, na watoto wake wengi wakatoka kwenda kutafuta riziki ng'ambo. Wako watu wa Gujarati waliofuata upepo wa kaskazi wakafika Unguja, Mombasa na Lamu, na majina ya namna ya Abdulally na Esoofally si mageni kwa watu wa pwani hiyo. Lakini kijana huyu riziki yake iliandikwa upande wa mashariki.

Alipokuwa mtoto wa miaka 12 hivi, jambo jipya liliingia nchini kwao. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walikuwa wamewaonyesha watu wa Paris picha zinazokwenda, kwa kiingilio, tarehe 28 Desemba 1895. Haukupita mwaka, mjumbe wao akafika Bombay, na tarehe 7 Julai 1896 akazionyesha katika hoteli ya Watson kwa kiingilio cha rupia 1. Siku chache baadaye maonyesho yalihamia ukumbi wa Novelty, na huko viingilio vikapangwa kwa madaraja, toka ana 4 mpaka rupia 2, ili kila mtu apate mahali kwa kadiri ya uwezo wake. Na ana 16 ndizo zilizofanya rupia moja. Tena vilitengwa vyumba vya faragha kwa ajili ya wanawake waliotawa na jamaa zao. Tangu mwanzo, basi, ilionekana kuwa biashara ya senema si picha peke yake, bali pia ni mpango wa mahali: nani atakaa wapi, atalipa nini, na atahifadhiwa vipi heshima yake.

Safari Zake za Mashariki

Mwaka wa 1901 Esoofally alianza kuonyesha picha mjini Singapore. Kutoka hapo mpaka mwaka wa 1907 alizunguka na hema lake katika nchi za Mashariki ya Mbali, akipita Burma, Singapore, na visiwa vya Sumatra na Java ambavyo leo ni vya Indonesia. Katika nchi hizo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwaonyesha wenyeji picha zinazokwenda.

Hema lake lilikuwa na urefu wa futi 100 na upana wa futi 50, likishikwa na nguzo nne, na liliweza kuingiza watu 1,000. Msomaji akifanya hesabu ataona kuwa kila mtazamaji alipata futi 5 za mraba tu. Walikaa kwa kubanana, bega kwa bega, na macho yao yakielekea kitambaa cheupe.

Picha za siku hizo zilikuwa fupi mno. Ukanda mmoja ulikuwa wa futi 100 mpaka 200. Mashine ilizungushwa kwa mkono, na kwa mwendo wa zamani hizo futi moja ilipita kwa sekunde moja au karibu yake. Kwa hiyo picha moja ilikwisha katika dakika mbili au tatu. Ili watu waone kuwa fedha zao hazikupotea, ilimbidi mwenye hema apange picha 40 mpaka 50 katika onyesho moja. Humo mlikuwa na vichekesho, mashindano ya michezo, safari za nchi za mbali, na vipande vya michezo ya kuigiza. Zote zilikuwa bubu, hazina sauti.

Zilizowavuta watu zaidi zilikuwa picha za mambo ya kweli, alizoagiza kutoka London. Moja ilionyesha mazishi ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyefariki tarehe 22 Januari 1901. Nyingine ilimwonyesha Lord Roberts, jemadari mkuu wa Waingereza, akiingia mji wa Pretoria katika vita vya Makaburu. Watu waliokuwa wakizisikia khabari hizo kwa masimulizi, au kuzisoma katika magazeti, sasa waliwaona wakubwa hao wakitembea mbele ya macho yao, nao wakastaajabu.

Kwa nini Esoofally alihama daima, asikae mahali pamoja? Sababu yake ilikuwa ni hesabu ya biashara. Katika miaka ile picha hazikukodishwa. Zilinunuliwa kabisa, kwa bei ya kila futi, kama mtu anunuavyo nguo kwa yadi. Mtu akiisha kuzinunua, zilikuwa mali yake mpaka zichakae. Lakini watu wa mji mmoja hawawezi kulipa kila siku kwa kutazama kitu kile kile. Kwa hiyo mwenye picha, badala ya kubadili picha, alibadili watazamaji: aling'oa nguzo, akakunja turubai, akapakia mizigo melini au katika gari la moshi, akaenda mji mwingine ambako picha zake zilikuwa bado mpya. Hema lilikuwa ndilo jengo lililofaa biashara ya namna hiyo.

Kurudi Kwake Bara Hindi

Mwaka wa 1908 alirudi Bara Hindi, na kwa muda wa miaka sita akaendelea kuzunguka na hema lake katika miji ya nchi yake mwenyewe. Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Katika mji wa Calcutta, tajiri wa Kiparsi aitwaye Jamshedji Framji Madan alikuwa amefungua mwaka wa 1907 jumba la kudumu la senema, Elphinstone Picture Palace. Huko Bombay, tarehe 3 Mei 1913, ilianza kuonyeshwa kwa watu wote picha ya Raja Harishchandra, iliyopigwa na Dadasaheb Phalke, yenye urefu wa futi 3,700 hivi. Picha moja sasa ilikuwa na urefu wa picha 20 au 30 za zamani. Mtazamaji wa hadithi ndefu kama hiyo hutaka kiti, hutaka kivuli kisichovuja mvua, na hutaka mashine isiyozimika katikati ya hadithi.

Jambo la pili lililobadilika ni kwamba picha zilianza kukodishwa. Makampuni ya kugawa picha yalizinunua na kuzipeleka kwa wenye majumba kwa wiki moja au mbili, kisha kuzichukua na kuzipeleka kwingine. Hapo hesabu yote ikapinduka. Zamani mwenye picha alisafiri na picha zake, akiwafuata watazamaji. Sasa picha zilisafiri peke yake, na mwenye kuonyesha akaweza kutulia mahali pamoja. Hema likawa halina haja tena.

Jambo la tatu ni hatari ya moto. Kanda za zamani hizo zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi kuliko karatasi, nazo zilipita karibu na taa kali. Ulimwengu ulikuwa haujasahau msiba wa Paris wa tarehe 4 Mei 1897, siku ambayo moto ulianzia penye taa ya mashine ya picha katika soko la hisani, na watu zaidi ya 120 wakafa. Bara Hindi nayo ikatungiwa sheria ya senema mwaka wa 1918, iliyodai leseni na kinga ya moto kwa kila mahali pa kuonyeshea picha. Hema la turubai lilikuwa halina nafasi nzuri mbele ya sheria ya namna hiyo.

Majumba ya Mawe

Mwaka wa 1914 Esoofally aliacha kuhamahama, akakaa Bombay. Alikuwa na umri wa miaka 30, na nusu ya umri huo, ila kidogo, alikuwa ameitumia safarini. Alishirikiana na Ardeshir Irani, kijana wa Kiparsi aliyezaliwa mwaka wa 1886, wakawa wamiliki wa jumba la senema liitwalo Alexandra, katika mtaa wa Nagpada, mtaa wenye Waislamu wengi. Biashara yao ikastawi, na mwaka wa 1918 wakaongeza jumba la Majestic katika mtaa wa Girgaum.

Ushirika huo wastahili kutajwa. Mmoja alikuwa Mwislamu na wa pili Mparsi, lakini ushirika wao ulidumu kwa miaka mingi katika biashara ambayo watu wengi walifilisika. Esoofally alikuwa na uzoefu wa watazamaji, kwani alikuwa amewaona wa kila kabila na kila lugha. Irani alikuwa na shauku ya kupiga picha zao wenyewe. Mwaka wa 1926 Irani alipoanzisha kampuni ya Imperial, Esoofally alitia mali yake humo. Kwa njia hiyo yule aliyekuwa mwenye hema akawa na sehemu katika mwendo wote wa picha, toka kupigwa mpaka kuonyeshwa.

Picha Iliyosema

Kampuni hiyo ya Imperial ndiyo iliyopiga Alam Ara, picha ya kwanza ya Bara Hindi yenye sauti. Hadithi yake ni ya mambo ya wafalme, imetokana na mchezo wa kuigiza wa Joseph David, na lugha yake ilikuwa Kihindustani. Wachezaji wakuu walikuwa Master Vithal na Zubeida. Kazi ya kuipiga ilikuwa ngumu. Mahali pa kupigia palikuwa karibu na reli, na ngurumo za gari la moshi ziliingia katika sauti. Kwa hiyo kazi ilifanywa usiku, wakati magari yamepungua, na vinasa sauti vikafichwa visionekane katika picha. Ndani yake mlikuwa na nyimbo 7. Wimbo uliojulikana zaidi uliimbwa na Wazir Mohammed Khan, aliyecheza kama fakiri mwenye kuomba sadaka.

Picha hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1931 katika jumba la Majestic. Watu walianza kukusanyika tangu asubuhi, na umati ukawa mkubwa hata polisi wakaitwa kuutuliza. Tikiti za ana 4 ziliuzwa tena na walanguzi kwa rupia 4 na hata 5, yaani mara 16 mpaka 20 ya thamani yake. Kwa muda wa wiki nane jumba lilijaa. Miaka 30 kabla ya siku hiyo, Esoofally alikuwa akiwaonyesha watu wa Singapore mazishi yasiyo na kilio, kwani picha zilikuwa hazina sauti. Sasa katika jumba lake alisikika fakiri akiimba.

Mtindo wa kuchanganya hadithi na nyimbo ulienea katika picha za Kihindi, nao ukavuka bahari. Katika miaka iliyofuata picha hizo zilipendwa sana Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na waimbaji wa taarabu walichukua baadhi ya lahani zake.

Si kila mtu aliyefurahi. Katika nchi nyingi za Waislamu, masheikh walihitilafiana juu ya senema. Wako walioikataza kabisa kwa kuona inapoteza wakati na kuharibu adabu. Na wako waliosema kuwa hukumu yake hutegemea kinachoonyeshwa. Hitilafu hiyo haikukwisha. Lakini jambo moja hukubaliwa na pande zote: jumba ni chombo, na chombo husifiwa au kulaumiwa kwa kile kinachotiwa ndani yake. Yaliyolipata jumba la Alexandra baada ya mwenyewe kufariki ni ushahidi wa neno hilo.

Kufa Kwake na Hatima ya Majumba Yake

Abdulally Esoofally alifariki mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 73. Mshirika wake Ardeshir Irani alimfuata mwaka wa 1969. Alipokufa Esoofally, majumba ya senema ya Bombay yalikuwa bado yanajaa, na pengine ni watu wachache waliodhani kuwa nayo yatapatwa na yale yaliyolipata hema.

Lakini mambo yalipinduka tena, kwa kanuni ile ile. Televisheni ilifika Bombay mwaka wa 1972. Katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na picha ikaweza kukodishwa dukani na kutazamwa nyumbani na jamaa nzima. Mwaka wa 1997, mjini Delhi, likafunguliwa jumba la namna mpya lenye kumbi ndogo ndogo kadhaa chini ya paa moja, na mtindo huo ukaenea nchi nzima. Jumba kubwa la ukumbi mmoja, lenye viti mamia kwa mamia, likawa ghali kulitunza na gumu kulijaza, hali ardhi lililosimama juu yake imepanda bei kuliko mapato ya tikiti. Siku za hema, mtazamaji alifuatwa mjini kwake. Siku za majumba, mtazamaji alikwenda mwenyewe. Sasa picha ilimfuata mpaka chumbani kwake.

Majestic, jumba lililoitoa Alam Ara, lilivunjwa, na mahali pake pakajengwa jengo la maduka lenye jina lile lile. Elphinstone ya Calcutta, ambayo baadaye iliitwa Chaplin, ilivunjwa mwaka wa 2013. Unguja nako hali haikuwa tofauti sana: jumba la Royal lililojengwa mwaka wa 1921 liliungua moto katika miaka ya 1950, mahali pake likajengwa jumba liitwalo Majestic, na hilo nalo baadaye likafungwa likachakaa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki majumba ya senema yaligeuka maghala, maduka au kumbi za ibada.

Jumba la Alexandra lilikuwa na hatima yake peke yake. Katika miaka yake ya mwisho lilishuka daraja, likawa linaonyesha picha za bei rahisi, nyingine zisizokuwa na adabu, hata watu wa heshima wakaona haya kupita mlangoni pake. Likafungwa. Kisha, yapata mwaka wa 2011, halikuvunjwa bali lilipewa kazi nyingine: likawa makao ya taasisi ya Deeniyat, inayoshughulika na mafunzo ya dini ya Kiislamu kwa watoto na watu wazima. Kuta ni zile zile alizokuwa akizimiliki mtoto wa Surat. Kilichotiwa ndani yake ndicho kilichobadilika.

Mazingatio

Picha ya Alam Ara haipatikani tena. Zimesalia picha za mnato na kijitabu cha kuitangaza, lakini ukanda wenyewe haujulikani uliko. Wala si hiyo peke yake: katika picha bubu zaidi ya 1,200 zilizopigwa Bara Hindi, zilizosalia ni chache mno. Nyingine zilioza kwa joto na unyevu, nyingine ziliungua, na nyingine ziliyeyushwa ili itolewe fedha iliyomo ndani ya kanda. Wenyewe hawakuwa wajinga. Waliziona kuwa ni bidhaa iliyokwisha kuuzwa, hawakufikiri kuwa ni amana ya watakaokuja.

Na hapa ndipo penye somo la maisha ya Abdulally Esoofally. Mtu huyu alijua kuliacha hema ulipofika wakati wa jumba, na jumba lake moja likapata manufaa mapya kwa kuwa waliokuja baada yake hawakuona haya kuligeuza. Kubadilika kwa kazi ya jengo si msiba. Msiba ni jengo kuondoka pamoja na khabari zake, pasiwe na mtu wa kusema nani alilijenga, kwa fedha gani, na watu walikutana humo kwa ajili ya nini. Hema la futi 100 kwa 50 halipo, lakini vipimo vyake vinajulikana, kwa sababu ziko kumbukumbu zilizohifadhiwa. Ukanda wa Alam Ara haupo, kwa sababu haukuhifadhiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na majengo ya jamaa ni mali. Kila jumba, iwe madrasa, iwe ukumbi, iwe nyumba ya wakfu, lastahili kuwa na daftari lake kabla paa halijaanguka.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awajaalie waliobaki kuzitunza amana walizoachiwa. Amin.